Pembe Iliyoungua

3 Februari

Maswali mwanangu,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Mimi mzima, ila sikio la kulia limeshafunga duka, na la kushoto linafungua linapotaka. Usinipigie tena simu, nasikia nyuki tu. Andika. Karatasi haihitaji masikio.

Baba yako mguu unaendelea vizuri. Alikuja Jumapili, akala, akalalamika, akaenda zake. Kwa hiyo ujue kaka yangu ni mzima.

Kitanda cha wageni kimeingiwa na kunguni. Nimenunua dawa ile ile iliyowamaliza wote mwaka juzi, safari hii wanaioga. Muuza dawa ananiambia wamejifunza. Nikamuuliza, wamesomea wapi?

Sasa neno lenyewe. Jirani yangu muuza mayai ana mjukuu anayesoma hapo chuoni kwenu. Alikuja dukani, nami nimeshika futi nampima mteja kiuno, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: “Fundi, yule mtoto uliyemlea anafundisha kwamba watu walikuwa nyani wakageuka!” Wateja wakacheka. Nikasema kama ni kweli, basi kaka yangu bado yuko njiani. Wakacheka zaidi, yakaisha.

Lakini walipoondoka sikuweza kutunga uzi kwenye sindano. Mama yako alipofariki uliletwa kwangu hujaota meno ya mbele. Nimekufundisha kusoma kwa maandishi ya kwenye vikasha vya uzi. Niambie mwenyewe: umesema au hukusema? Kama umesema, nieleze ulimaanisha nini. Sitaki kukutetea kwa jambo nisilolijua, na kunyamaza siwezi.

Shangazi yako, fundi.


19 Februari

Shangazi yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma tena nimekaa. Pole kwa sikio. Pole zaidi kwa ya muuza mayai. Mimi niko salama. Chumba ni kile kile ambacho dirisha lake linatazama ukuta, na nimeuzoea ukuta huo kiasi kwamba naujua unapolowa na unapokauka.

Nimesema, na sikusema. Usikunje uso, nakuja.

Neno tunalotumia darasani ni mageuzi, na nadhani matatizo yanaanzia hapo. Mtu akisikia mageuzi anaona kitu kinageuka: nyani analala nyani, anaamka mtu, anatafuta suruali. Hakuna aliyegeuka. Kila mtoto aliyewahi kuzaliwa duniani alifanana na mama yake, ila hakufanana naye kabisa. Hiyo “ila” ndiyo somo langu lote.

Chukua kunguni wako. Hawakujifunza kitu. Mwaka juzi, kati ya wale wote, walikuwepo wachache waliozaliwa na ngozi ngumu kidogo, au mwili unaoivunja sumu upesi. Hawakuomba wawe hivyo, wala dawa haikuwafanya hivyo. Walizaliwa tu, kama mwingine anavyozaliwa mrefu. Dawa ikaua wengine, wao ikawaacha. Wakazaa, na watoto wakarithi. Kunguni unaowaona leo ni uzao wa walionusurika. Hakuna hata mmoja aliyebadilika, ila kundi limebadilika. Sasa usiwape miaka miwili, wape mamilioni ya miaka. Na mahali pa dawa weka baridi, njaa, simba, ugonjwa. Ndivyo uzao mmoja unavyoweza kuachana mpaka ndugu wasitambuane.

Na nyani si babu yetu. Nyani wa leo ni wa leo kama sisi. Aliye karibu nasi zaidi ni sokwe, naye ni binamu. Binamu hamzai binamu. Mimi na Chiriku hatukuzaana. Tumetokana na bibi mmoja, yeye kupitia kwako, mimi kupitia kwa baba. Ukirudi nyuma vizazi visivyohesabika unaukuta ukoo mmoja, hawakuwa watu na hawakuwa sokwe, ambao uzao wao uligawanyika, wengine huku, wengine kule.

Chini ya maabara kuna chumba cha mifupa ninachokitunza. Leo nimepanga mezani mkono wa mtu, bawa la popo, pezi la pomboo na mguu wa mbele wa paka. Mfupa mmoja juu, miwili chini yake, vijifupa vya kiungo, kisha vidole. Wote wanne. Vya popo vimerefuka kama vijiti vya mwavuli, vya pomboo vimefichwa ndani ya pezi kama kiganja ndani ya glavu. Nilikaa nao mpaka mlinzi akaja kuuliza kama naumwa.

Nakuamkia, shikamoo, na usimpige muuza mayai.

Maswali wako.


10 Machi

Maswali,

Marahaba. Barua imefika, bahasha imelowa kidogo, maneno hayakulowa.

Kuna jina moja umeliandika ambalo halitajwi nyumbani kwangu. Nimelipitishia wino mzito, nikaendelea kusoma. Usirudie.

Habari ya kunguni nimeielewa na nimeipenda. Nimemweleza muuza dawa. Amesema basi ninunue kwake dawa kali zaidi. Nikamwambia, ukiuza hiyo unafuga wajukuu wao walio wagumu zaidi.

Lakini habari ya mifupa sikubali. Mwanangu, mimi nimekata nguo maisha yangu yote. Kwa karatasi moja ya kukatia natoa gauni la mtoto, la msichana na la mama yao. Ukizipanga mezani utasema zimezaana. Hazikuzaana. Zinafanana kwa kuwa mkataji ni mmoja. Hata huyo popo wako na paka wako, si yuko aliyewakata kwa karatasi moja? Na hata pasipo mkataji mmoja, mafundi wawili wasiojuana, kila mmoja akitaka mkono wa shati unaokaa vizuri, watakata mikono inayofanana, maana bega ni bega.

Umenishonea hoja yenye tundu. Lizibe, tuone.

Baba yako anakusalimu. Anasema hata yeye anataka kujua kama bado yuko njiani.

Shangazi yako.


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie baba amefika zamani, ila alipitiliza.

Wino wako nimeuelewa. Nisamehe.

Tundu ulilotoboa si dogo, na sijui mwanafunzi wangu hata mmoja aliyewahi kulitoboa. Nimekuwa nalo kila mahali, kwenye foleni ya maji, kwenye ngazi. Ni kweli, kufanana kwa vitu vizuri hakutoshi. Mafundi wawili wazuri wataufikia uzuri ule ule kila mmoja kwa njia yake. Kwa hiyo nikaacha kuangalia uzuri. Nikaangalia makosa.

Unalikumbuka gauni lako la sare ya shule? Lina mfuko mmoja, upande wa kushoto. Pembe yake moja ya chini ni mraba, nyingine imekatwa mshazari, kwa sababu karatasi ya mfuko iliungua na pasi, nawe ukaendelea kukata kwa kuizunguka pale ilipoungua. Na chini ya kola kuna tundu la kifungo lisilo na kifungo. Zamani lilishika utepe wa shule. Utepe ukaondolewa kabla sijazaliwa, tundu ukaendelea kulishona, kwa kuwa mkono umezoea.

Sasa sikiliza. Mbuzi hahitaji chungwa. Wanyama wengi wanatengeneza wenyewe ndani ya mwili ile vitamini iliyomo kwenye chungwa. Sisi hatuwezi, tukiikosa muda mrefu fizi zinatoka damu na vidonda havifungi. Lakini maelekezo ya kuitengeneza tunayo! Yamo kwenye vinasaba vyetu, mahali pale pale yalipo kwa wanyama wengine, ila yameharibika, hayasomeki. Sokwe naye anayo, yameharibika. Nyani naye. Na makovu mengi yamo mahali pale pale kwao na kwetu. Kuna wanyama wengine wachache waliopoteza uwezo huo, kama aina nyingi za popo, lakini kwao makovu yako mahali pengine. Shangazi, mafundi wawili wasiojuana wanaweza kukata mkono mzuri unaofanana. Lakini waunguze karatasi pembe ile ile?

Na matundu yasiyo na vifungo yapo pia. Nyangumi ana vijifupa vya nyonga vimezama ndani ya nyama, havishiki mguu wowote. Na kwenye miamba ya zamani wamepatikana mababu zao wenye miguu, kisha wenye miguu mifupi, kisha yenye kukaribia kutoweka, kila mmoja kwenye tabaka lake.

Sikuandikii habari za Mungu. Aliyeleta kitambaa cha kwanza simjui kuliko unavyomjua wewe, na sitakunyang’anya unachokiomba asubuhi. Nasema tu kwamba karatasi imepita mkono kwa mkono, na makosa yamehesabu mikono iliyopita.

Ungekuta gauni lenye pembe hiyo na tundu hilo katika mji usiowahi kuukanyaga, ungesemaje?

Maswali.


21 Aprili

Mwanangu,

Sisi wazima. Mvua imepiga bati la duka mpaka nimesikia hata mimi, nikafurahi.

Umekumbuka vizuri. Pasi ilikuwa ya mkaa, niliiweka juu ya karatasi nikatoka kumsaidia mtu kushusha gunia. Niliporudi pembe imeshakuwa majivu. Nikasema nitakata nyingine kesho. Kesho ikaja na wateja. Baadaye watu wakadhani ndiyo mtindo.

Nimelisoma swali lako la mwisho. Najua unachokiuliza, hata kama wewe hujui.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyetaka kuinyoosha pembe ile. Aliniambia mbele ya mteja kwamba anaona haya kushona kosa la mtu mwingine. Nikamwambia ashone la kwake, kwake. Tulikuwa wote tumeshika mikasi, na hakuna awezaye kushinda ugomvi wa wenye mikasi wawili. Akachukua nguo zake na nakala ya karatasi. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Uliporudi ukakuta kitanda kimoja badala ya viwili, na hukuuliza, wewe unayeuliza kwa nini maji yamelowa. Nilikushukuru kwa hilo. Endelea hivyo hivyo.

Habari ya chungwa nimeielewa. Sijasema nimekubali. Nimesema nimeielewa.

Shangazi.


30 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole na mvua. Nimekuwa mgonjwa kidogo, mafua tu, nimepona.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nitaandika nilichokiona, na nitajizuia kuandika ninachokidhani, kama ninavyowaambia wanafunzi.

Nilikuwa posta kukutumia picha yangu ya mahafali. Mbele yangu kwenye foleni amesimama mtoto wa kike na mama yake. Mtoto amevaa gauni la shule, si rangi yako, la kijani. Mfuko mmoja, kushoto. Pembe moja mraba. Nyingine mshazari.

Nikajiambia bahati. Kosa moja linaweza kuwa bahati. Nikainama kama ninayefunga kamba ya kiatu, nikatazama chini ya kola. Tundu lipo. Kifungo hakipo.

Mama yake akanishika bega. “Dada, umepoteza kitu?”

Nikamwambia nimependa gauni. Akacheka: “Basi muulize fundi, usimnuse mtoto.”

Akanielekeza. Ni kibanda nyuma ya soko, fundi ni mwanamume kijana, ana chaki sikioni. Magauni yake yote yana pembe hiyo. Kwenye mengine ameongeza mfuko wa kulia, nao kaukata kwa karatasi ile ile, umeungua vilevile. Nikamuuliza kwa nini anatoboa tundu chini ya kola. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini ana pua. “Gauni ndivyo lilivyo.”

“Nani alikufundisha?”

“Mama mmoja. Anakata vizuri huyo! Ila mdomo. Mashine ikilia na yeye analia nayo, mashine inachoka kwanza.”

Sikuuliza jina. Aliniambia huyo mama alipo sasa, si mbali. Sijaenda. Nimekaa na anwani kama mtu aliyeshika kikombe cha moto asiyeona pa kukiweka.

Karatasi ni yako, Shangazi. Niende, au nisiende?

Maswali.


4 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Baba anasema u mzima, unafungua duka, unafunga duka. Basi nashukuru kwa hayo.

Mhadhara wangu mkubwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza umesogezwa hadi Septemba. Mwalimu wangu anataka niutoe peke yangu. Nimeuandika na kuufumua, nimeuandika na kuufumua.

Kama nimekuudhi, niandikie kuniambia nimekuudhi. Hilo nalo ni barua.

Maswali.


28 Julai

Maswali,

Sisi sote hatujambo. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu la vipande vya kitambaa, watoto wanne, hakuna wawili wenye rangi moja. Nimewatazama nikakumbuka ile “ila” yako.

Muuza mayai alirudi na maneno yake. Nikamweleza taratibu, huku namshonea mfuko wa kanga kwa bei ya jirani, kwamba sokwe ni binamu yake, si babu yake. Akafikiri, akasema, “Afadhali angekuwa babu. Binamu huja kukaa wiki mbili.”

Kunguni wamekwisha. Nilianika godoro juani, nikamwagia kitanda maji ya moto. Dawa niliitupa.

Mguu wa baba yako ni ule ule. Bei ya uzi imepanda. Cherehani nimeitia mafuta. Mvua imekata. Kwenye duka la pembeni wameleta taa nyeupe inayoumiza macho.

Hilo tundu la chini ya kola, limezungushiwa uzi mmoja au nyuzi mbili?

Mafundi wengine wote niliowafundisha wanazungusha mmoja. Mimi pia mmoja. Alikuwepo mmoja aliyekuwa na hofu kwamba kila kitu kitafumuka, akawa anapitisha nyuzi mbili, anamaliza uzi wangu, namfokea, anapitisha mbili. Na ninavyojua, hata angemfundisha mtu, angemfundisha hivyo hivyo.

Ukikuta ni mmoja, rudi zako nyumbani ukasome. Ukikuta mbili, miguu unayo.

Shangazi.


16 Agosti

Shangazi yangu,

Mbili.

Nilirudi kwa yule kijana nikamwomba nishike gauni. Nililigeuza ndani nje pale pale kibandani, nikalikagua tundu mara tatu, akadhani nataka kupunguziwa bei.

Shikamoo. Nimesahau kuanza na shikamoo. Nisamehe.

Yule mama aliyemfundisha anafanya kazi hospitalini, kwenye chumba cha ushonaji nyuma ya mahali pa kufulia. Chumba kina joto la mvuke, sakafu ya saruji imelainishwa na miguu, mashine tatu, na mashuka yamerundikwa mpaka usawa wa dirisha. Nilimsikia kabla sijamwona. Anamsimulia mwenzake habari za daktari aliyepasua suruali akiwa wodini, naye anaigiza daktari na suruali pia. Nikasimama mlangoni. Akasema bila kuinua macho, “Mashuka ya wodi ya watoto bado, njoo kesho.”

Nikasema, “Chiriku.”

Usilipitishie wino, Shangazi. Mara hii moja.

Akainua macho. Mguu haukutoka kwenye mashine; mashine ikaendelea kushona, ikatoka nje ya kitambaa, ikashona hewa. Mwenzake ndiye aliyeizima.

Ameshiba kidogo mwilini. Nywele amezikata. Ana mtoto wa kike ambaye ameanza darasa la kwanza. Baba yake mtoto alikwenda kutafuta kazi mbali, na safari yake imekuwa ndefu kuliko kazi. Tulikaa nje kwenye ngazi za kufulia. Aliniuliza habari za kila mtu kuanzia paka, akakuacha wewe. Kisha akasema, “Masikio yake?” Nikamwambia. Akasema, “Nilijua. Ile mashine yake kuukuu, nilimwambia aibadilishe.” Akavuta kamasi. “Nilimwambia mengi.”

Nikamuuliza kwa nini hakurudi. Akasema, “Niliapa sirudi mpaka nikate kuliko yeye. Sasa tazama ninachokata. Mashuka. Shuka lina pembe nne na zote ni mraba. Huwezi hata kukosea.” Akacheka peke yake.

Basi nikauliza nililolijia, maana unanijua, siwezi kuondoka na swali. Nikasema, “Ulitoka nyumbani kwa sababu ya ile pembe. Kwa nini hukuinyoosha?”

“Niliinyoosha. Gauni la kwanza nililokata hapa, nilikata pembe mraba, safi. Nikaliinua nilitazame. Lilikuwa zuri. Halikuwa la mtu yeyote ninayemjua. Nikalifumua.”

Nimetembea na jibu hilo mpaka leo. Nataka kuwa mkweli kwako, kwa kuwa ulinitobolea hoja yangu kwa ukweli. Hapa mfano wangu unakatika. Mwili hauhifadhi kosa kwa kumkumbuka mtu. Maelekezo ya chungwa yamebaki ndani yetu kwa sababu tu kosa lisiloua halifutwi. Hakuna anayetamani, hakuna anayengoja. Mababu zetu walikula matunda, hawakuona pengo, uzao ukaendelea. Hiyo ndiyo kweli na sitaipamba. Lakini mtu si mwili peke yake. Kijana wa kibandani anakata pembe ile kwa sababu gauni ndivyo lilivyo. Dada yangu anaikata kwa kujua. Ukizitazama nguo zao hutaona tofauti. Nimekaa na hilo, na limenifurahisha na kuniumiza kwa wakati mmoja.

Mtoto alirudi kutoka shule wakati naondoka. Akaniangalia miguu mpaka kichwa, akasema, “Wewe ni nani yangu?” Mama yake akamwambia, mama yako mdogo. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nasomesha habari za wanyama, na kwamba sokwe ni ndugu yetu wa mbali. Akafikiri. “Na yeye mlikuwa hamjamtafuta?”

Chiriku hakunituma kwako na neno. Nilipouliza, alitikisa kichwa. Lakini alinisindikiza mpaka geti, kisha mpaka barabarani, kisha mpaka kituoni, na njia nzima hakusema kitu. Unaelewa maana ya huyo kunyamaza njia nzima.

Maswali.


9 Septemba

Maswali,

Baba yako nimemsomea barua yako. Amelia, kisha akasema ni vumbi. Dukani hamna vumbi, nafagia kila asubuhi.

Mimi sina la kuandika. Nimejaribu, kalamu ni nzito kuliko pasi.

Nitumie vipimo vya huyo mtoto. Mabega, kifua, urefu kutoka shingoni hadi chini ya goti. Umpime amesimama, asijikaze. Watoto hupandisha mabega wakipimwa. Usimwambie mama yake ni vya nini. Ila atajua. Basi mwache ajue.

Nisamehe kukuchelewesha ile miezi ya Juni na Julai. Nilikuwa naogopa utaniambia uzi ni mmoja.

Shangazi.


25 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Vipimo viko kwenye karatasi ya pili. Alipandisha mabega kama ulivyosema, nikamchekesha, yakashuka. Mama yake alikuwa amesimama pembeni akijifanya anatafuta mkasi, na mkasi uko shingoni mwake umening’inia. Nilipoandika kimo akasema, kwa ukali, “Hapo umekosea, vuta futi vizuri.” Akanyang’anya, akapima mwenyewe. Kwa hiyo kimo ni cha mkono wake.

Mhadhara nimeutoa. Niliweka mezani popo, paka, pomboo na mkono wa mtu, kisha nikawaambia hii haitoshi, nikawaeleza pingamizi lako: mkataji mmoja, na mafundi wawili wasiojuana. Nikasema limetoka kwa shangazi yangu. Halafu nikawaeleza makosa. Mjukuu wa muuza mayai alikuwa mstari wa mbele. Aliniuliza kama ni lazima aamini. Nikamwambia usiamini, tazama. Kama una tundu la kutoboa, toboa. Aliandika kitu, sijui nini.

Chiriku ananiuliza kila nikienda kama barua imekuja. Hasemi barua ya nani.

Maswali.


20 Oktoba

Maswali mwanangu,

Nakusalimu, na baba yako, na muuza mayai, ambaye sasa anamwita kila anayempita binamu.

Gauni nimelikata mwenyewe na kulishona mwenyewe. Macho yalinisumbua kwenye kola, nikapumzika, nikarudi. Liko ndani ya kifurushi hiki, limefungwa kwa kitambaa ili lisipate mikunjo. Lipigwe pasi kidogo tu, kwa upande wa ndani.

Sasa mwambie Chiriku maneno haya, na umsomee kama nilivyoyaandika, usiyapunguze wala kuyaongeza. Mtoto anakua, kwa hiyo pindo nimeliacha refu, mikunjo mitatu, mmoja juu ya mwingine, ya kufunguliwa kila akirefuka. Nimeishikiza kwa mshono wangu wa mkono, ule ambao yeye anaujua. Asiifungue. Najua ana haraka na mkasi, lakini hiyo asiiguse. Gauni likimfupikia mtoto, amlete hapa, asimame juu ya meza yangu ya kukatia, na pindo hilo nitalifungua mimi.

Shangazi yako.